Kipande na Kiungo: Hofu ya Kupitwa katika Burudani ya Wamagana na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Afrika Mashariki umezoea kuanza na maswali matatu: nani anatenda, mbele ya nani, na katika mazingira gani. Mulokozi (1989), alipoziainisha tanzu za fasihi simulizi, hakuridhika na umbo la kazi peke yake. Aliongeza kigezo cha muktadha na namna kazi inavyowasilishwa kwa hadhira. Tangu hapo wahakiki wengi wamefuata njia hiyo. Hata hivyo, liko swali la nne ambalo halijaulizwa vya kutosha: hadhira inaogopa nini?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la mwanasaikolojia kuliko la mhakiki. Kwa hakika ni swali la fani. Kila utendaji huiwekea hadhira yake sharti fulani, na kila sharti huja na hofu yake. Anayetegewa kitendawili huogopa kushindwa na kulazimika kutoa mji. Anayeishi karibu na ngoma ya majibizano huogopa kuimbwa. Anayetazama kipande cha video kinachovuma kwenye simu huogopa kupitwa.

Makala haya yanaichunguza hofu hiyo ya tatu kwa kurejelea burudani ya Wamagana, kituo cha soko katika Tetu, na ya miji iliyo jirani nacho chini ya Mlima Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba kasoro ya burudani ya vipande haitokani na ufupi wala kasi. Jamii hii ilikuwa na tungo fupi na za kasi muda mrefu kabla ya simu kufika. Kilichobadilika ni kiungo, yaani kile kinachokiunganisha kipande kimoja na kingine, na mtu mwenye mamlaka ya kuunganisha.

Maneno Matatu: Kuvuma, Kupitwa, Kipande

Inafaa kuanza na istilahi. Wazungumzaji wa Kiingereza husema kwamba kipande kilichopendwa huenea kama virusi. Sitiari hiyo ni ya ugonjwa. Kiswahili kimechagua sitiari ya sauti: kipande huvuma. Upepo huvuma, habari huvuma, na zaidi ya vyote ngoma huvuma. Ndiyo maana wahenga walionya kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Tofauti ya sitiari hizi mbili si ndogo. Virusi havina nia wala mwenyewe. Ngoma ina mkono unaoipiga, na mhakiki ana haki ya kuuliza mkono huo ni wa nani.

Neno la pili ni kupitwa. Kifupisho cha Kiingereza kinachotumika duniani kote kuitaja hofu hii kilienezwa na makala ya Patrick McGinnis katika gazeti la wanafunzi wa Shule ya Biashara ya Harvard mwaka 2004. Wanafunzi waliozungumziwa humo walikuwa na mialiko mingi kuliko jioni zilizopo. Hofu yao ilitokana na wingi wa chaguo. Kiswahili kinasema jambo lingine. Anayepitwa amesimama, na kinachompita ndicho kilicho katika mwendo. Mtu hupitwa na matatu, hupitwa na wakati, hupitwa na wenzake wa rika. Kwa kijana wa Wamagana, hofu hii haianzi na wingi wa mialiko. Inaanza na umbali. Maonyesho makubwa yako Nyeri mjini, Karatina, Nanyuki, au katika kumbi za kando ya barabara ya Thika huko Nairobi. Kipande cha video humletea habari za karamu ambayo tayari imekwisha, nayo nauli ya kwenda huko hakuwa nayo. Kwa hiyo neno moja linataja hali mbili zilizo mbali, na uhakiki ulioandikwa kwa ajili ya Harvard hauwezi kuhamishiwa Tetu bila kupimwa upya.

Neno la tatu ni kipande. Katika historia ya Kenya neno hili lina uzito wake. Chini ya Sheria ya Usajili ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande, cheti kilichowekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Bila kipande mtu hakuweza kupita. Kipande cha siku hizi hakimlazimishi mtu kwa sheria, lakini kinafanya kazi inayokaribiana nayo. Kwenye kituo cha matatu, kwenye saluni, au kwenye foleni ya kupeleka maziwa, anayekijua kipande cha wiki ameingia katika mazungumzo; asiyekijua amebaki nje.

Mazingira ya kiufundi ya jambo hili yanajulikana. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa, na mwaka huohuo kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya Skiza, ambapo mpigaji simu husikia kipande cha wimbo badala ya mlio. Kwa hiyo, kabla video hazijatawala, msikilizaji wa Kenya alikwisha kuzoea wimbo uliokatwa. TikTok ilipoanza kuenea nje ya China kuanzia 2017, kikomo chake cha mwanzo kilikuwa sekunde 15. Kikomo hicho kiliongezwa hadi dakika 3 mwaka 2021 na dakika 10 mwaka 2022, lakini mazoea ya kukata na kutazama kwa haraka yalikuwa yamekwisha kujengeka. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok, kwa asilimia 54 ya waliohojiwa. Waliohojiwa, hata hivyo, walikuwa watumiaji wa intaneti. Asilimia hiyo haisemi kitu juu ya kila boma la Tetu.

Kibuyu na Wimbo: Hofu Mbili za Kale

Ili kuipima hofu ya kupitwa, ni lazima kuilinganisha na zile zilizoitangulia. Mfano wa kwanza ni gicandi, utanzu wa mafumbo na majibizano wa Wagikuyu. Mtendaji wa gicandi alibeba kibuyu kilichochorwa alama, na kila alama ilikuwa mlango wa fumbo na maelezo yake. Vittorio Merlo Pick, padre wa shirika la Consolata, lenye mizizi mirefu Nyeri, alichapisha mafumbo na tungo za gicandi mwaka 1973. Kimani Njogu (2004) ameusoma utanzu huu kama ushairi wa kidayalojia, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya manju wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ ya 1980.

Kinachohusika hapa ni sharti la utanzu huo. Watendaji wawili walitegeana mafumbo, na aliyeshindwa kujibu alihatarisha kibuyu chake. Hofu ilikuwa kubwa, nayo ilikuwa ya hadharani. Lakini tazama hofu hiyo ilidai nini: ilidai kujifunza. Aliyeshindwa leo alijua la kufanya. Alirudi kwa wajuzi, akajaza kumbukumbu yake, akaja tena siku nyingine. Fumbo halikwisha muda wake. Aliyechelewa mwaka mmojamoja kulijua bado angeweza kulitumia, na pengine lilimfaa zaidi kwa kuwa wengine walikwisha kulisahau.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na hali ya leo, nao ni muthirigu. Mwishoni mwa 1929, wakati wa mgogoro kati ya misheni za Kiprotestanti na Wagikuyu wengi juu ya tohara ya wasichana, wimbo huu wa ngoma ulienea katika nchi yote ya Wagikuyu kwa kasi iliyowashtua watawala. Haukuwa na redio wala chapa. Ulikuwa na lahani iliyoshikika upesi na beti fupi ambazo kila mtaa uliongeza za kwake. Beti hizo ziliwakejeli wamisionari, machifu, na waumini waliotia alama ya kidole gumba kuunga mkono msimamo wa misheni. Mapema mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku.

Muthirigu unawakanusha wanaodhani kwamba kuvuma ni zao la kompyuta. Ulikuwa mfupi, wa kasi, wa kuchokoza, na uliwakusanya vijana wengi. Wala haufai kutukuzwa. Baadhi ya beti zake ziliwatisha na kuwadhalilisha wasichana na wanawake, na aliyetajwa katika ubeti hakuwa na mahali pa kujificha katika kijiji chake mwenyewe. Hofu iliyouendesha ilikuwa hofu ya kutajwa. Hata hivyo hofu hiyo nayo ilidai kitu: ilimtaka mtu achague upande. Na wimbo wenyewe uliacha nafasi. Aliyeusikia kwenye mteremko mmoja aliweza kuupeleka mteremko wa pili ukiwa na ubeti mpya. Kuupokea na kuuendeleza vilikuwa karibu kitendo kimoja.

Hivyo tuna hofu tatu: ya kushindwa kujibu, ya kutajwa, na ya kupitwa. Ya kwanza humtaka mhusika ajifunze. Ya pili humtaka achague. Ya tatu humtaka awepo tu, tena mapema. Mtu aliyekijua kipande siku nane baada ya wenzake hajapata nusu ya faida, amepata aibu. Hapa ndipo utofauti wa burudani ya sasa unapoanza kuonekana, ingawa bado haujakamilika.

Mugithi kama Sanaa ya Viungo

Utanzu wa burudani unaotawala miji ya Mlima Kenya mwishoni mwa juma ni mugithi: fanani mmoja, gita moja, na hadhira iliyokaa mezani au iliyosimama kucheza. Neno lenyewe kwa Kigikuyu hurejelea gari moshi, na wachezaji hushikana kwa mstari kama mabehewa. Mtindo huu ulipata nguvu katika miaka ya 1990 na waimbaji kama Mike Rua na Salim Junior wakaupa umaarufu. Maina wa Mũtonya (2013) ameonyesha jinsi muziki huu ulivyobeba siasa za maisha ya kila siku katika muongo huo.

Mhakiki anayelalamika kwamba simu imeikatakata sanaa anapaswa kwanza kusikiliza mugithi kwa makini, kwa sababu mugithi wenyewe ni sanaa ya vipande. Fanani hauimbi wimbo mmoja hadi mwisho. Huchukua beti mbili za Joseph Kamaru, akahamia kwenye wimbo wa kanisani, akaingia kwenye wimbo wa jando, kisha akarudi kwenye mapenzi ya zamani. Mchanganyiko wa kanisa na jando katika usiku mmoja wa baa umewaudhi wengi. Lakini usanii wake umo hapohapo, katika mishono. Fanani anapotoka kwenye tenzi za toba na kuingia kwenye wimbo wa ulevi bila kubadilisha lahani, ametoa maoni juu ya hadhira yake bila kusema neno lake mwenyewe. Anapoona wazee wameingia, huchagua kipande kingine. Anapoona vijana wamechoka, hukaza mwendo. Gari moshi ni mabehewa, lakini ni gari moshi kwa sababu mabehewa yameungwa, na kuna anayeliendesha.

Kutokana na hayo, ufupi hauwezi kuwa kigezo cha kutofautisha. Kipande cha mugithi kinaweza kuwa kifupi kuliko kipande cha video. Tofauti ni kwamba katika mugithi kila kipande hupata sehemu ya maana yake kutokana na kilichokitangulia na kitakachokifuata, na kiungo hicho huchaguliwa na mtu anayeiona hadhira, naye hadhira inamwona. Akiunganisha vibaya, watu hukaa chini. Kwenye simu, kipande cha mugithi kilichorekodiwa Nyeri hutanguliwa na mpishi wa Lagos na kufuatwa na mbunge anayefoka. Kiungo kimechaguliwa na hesabu za kompyuta ambazo hazijui hadhira imecheka kwa sababu gani. Zinajua tu kwamba imeendelea kutazama. Mkono unaoipiga ngoma upo, lakini hauonekani, na hauwezi kuaibishwa kwa watu kukaa chini.

Hali hiyo inaigusa fani ya utunzi moja kwa moja. Kamaru, aliyefariki Oktoba 2018, alijenga nyimbo nyingi kwa majibizano, hasa zile alizoimba pamoja na dada yake Catherine Muthoni: upande mmoja huuliza, wa pili hujibu, na fundisho hupatikana baada ya zamu kadhaa. Wimbo wa namna hiyo ukikatwa sekunde 15 hubaki swali bila jibu, au jibu bila swali. Mtunzi anayejua kwamba wimbo wake utakatwa ana sababu ya kutunga kiitikio kwanza na kuziacha beti zijitafutie nafasi. Kiitikio ni mahali pa hadhira kukubali; ubeti ndio mahali pa fanani kuhoji. Burudani inayohifadhi kiitikio na kutupa ubeti huhifadhi makubaliano na kutupa hoja.

Kipande Kinapoondoka na Kinaporudi

Mwezi Machi 2020 serikali ya Kenya iliweka kafyu ya usiku kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na kafyu hiyo haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Kwa muda mrefu wa kipindi hicho baa zilifungwa au kubanwa saa zake, na wanamuziki wakahamia kwenye matangazo ya moja kwa moja ya mitandaoni. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 ilikuwa imekwisha kuubana usiku wa baa, lakini Korona iliuondoa kabisa. Fanani akaimba mbele ya simu. Aliyekuwa Wamagana na aliyehamia Marekani walisikiliza kwa wakati mmoja, na wote wawili waliweza kutuma salamu na pesa.

Faida ya jambo hili haipaswi kudharauliwa. Kwa mara ya kwanza umbali, ambao ndio chanzo cha hofu ya kupitwa katika vituo vidogo, ulifutwa kwa kiasi fulani. Waimbaji wa kizazi cha baadaye, Samidoh akiwa mmoja wao, wamepata hadhira ya ng'ambo ambayo fanani wa miaka ya 1990 hakuiota, na kipande kinachovuma huwa tangazo lisilolipiwa la onyesho lijalo. Anayekidharau kipande bila kukiri jambo hili anazungumza kama mtu ambaye hategemei gita kulipa karo ya shule.

Lakini kumbi zilipofunguliwa tena, simu hazikuondoka. Hadhira iliyorudi ilirudi ikiwa imeinua mikono kurekodi, na sharti la utendaji likabadilika ndani ya ukumbi wenyewe. Sasa kuna hadhira mbili: iliyopo na itakayotazama kesho. Fanani mwenye busara huziridhisha zote mbili. Mwenye pupa huisahau ya kwanza. Hungoja dakika ile ambapo simu nyingi zimeinuliwa, akatoa kichekesho kile ambacho wiki iliyopita kilivuma, na usiku uliobaki ukawa wa kujaza saa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hadhira nayo ina sehemu yake katika lawama. Wengi huja ili kushuhudia tena kile walichokwisha kukiona kwenye simu, na fanani akikibadilisha huona wamepunjwa. Hofu ya kupitwa, ambayo ingetarajiwa kuzaa uchu wa mambo mapya, huishia kudai marudio.

Liko jambo zito zaidi. Katika kituo kidogo, kipande hakiondoki tu, hurudi. Mwanamke aliyecheza Jumamosi usiku mbele ya watu thelathini wanaomjua alikuwa ndani ya utendaji wenye mipaka: waliokuwapo walijua utani ulioanzisha uchezaji ule, walijua aliyekuwa akisherehekewa, na asubuhi yake walikuwa na sababu ya kunyamaza. Sekunde kumi zilizorekodiwa na meza ya jirani hazibebi lolote kati ya hayo. Zinapozunguka mitandaoni na kurudi Wamagana kwa mlango wa kanisa, wa shule ya watoto wake, au wa chama cha akiba, mchezaji huyo amegeuzwa matini bila ridhaa yake, tena matini isiyo na muktadha. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini sheria hufika baada ya kicheko.

Hapa hofu ya pili, ile ya muthirigu, inajitokeza chini ya ile ya tatu. Wanaotazama huogopa kupitwa. Wanaotazamwa huogopa kutajwa. Burudani ya vipande inazilisha hofu zote mbili kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi mzigo wa pili huwaangukia wanawake, kama ulivyowaangukia mwaka 1929. Tofauti ni kwamba ubeti wa muthirigu ulikuwa na mwimbaji aliyeonekana, na jamaa za aliyetajwa wangeweza kumwendea. Kipande kilichorudi kwa njia ya simu mia moja hakina wa kuendewa.

Pale Hadhira Inapounga Yenyewe

Kama makala haya yangeishia hapo, yangekuwa maombolezo, na ushahidi wa miaka ya karibuni hauruhusu maombolezo matupu. Mapema mwaka 2024 wimbo wa kuchezwa wa kundi la Wadagliz, "Anguka Nayo", ulivuma kwa vipande vya vijana wakicheza. Kwa vigezo vya kawaida ulikuwa mfano halisi wa kiitikio kisicho na ubeti: wito wa kucheza, usiodai kufikiriwa. Mwezi Juni mwaka huohuo vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, wimbo huo ukaimbwa barabarani. Maandamano yalifika pia Nyeri mjini. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi na baadhi yao wakauawa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hangeutia saini muswada huo.

Lililotokea kifani ni la kuzingatiwa. Wimbo haukubadilishwa neno. Kilichobadilika ni kiungo. Waandamanaji waliutoa kwenye mfuatano wa simu, wakauweka baada ya kaulimbiu moja na kabla ya nyingine, kati ya bendera na moshi wa vitoa machozi. Amri ya kuanguka, ambayo kwenye ukumbi wa densi iliuelekea mwili wa mchezaji, ikapata mlengwa mwingine. Hadhira ilifanya kazi ya fanani wa mugithi: ilichukua kipande cha mtu mwingine na kukiungia mahali ambapo kilisema jambo jipya. Hofu ya kupitwa yenyewe iligeuka. Vijana wengi waliotoka walitoka kwa kuwa wenzao walikwisha kutoka. Kuwepo, ambako kwenye simu hakudai kitu, barabarani kulidai ujasiri, na kwa baadhi yao maisha.

Mfano huu hauthibitishi kwamba kila kipande kina mapinduzi ndani yake. Unathibitisha jambo dogo na la uhakika zaidi: kwamba maana ya kipande haimo ndani ya kipande. Ndiyo sababu jitihada za kukizuia kipande chenyewe hukosa shabaha. Mwezi Agosti 2023 ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku liliwasilishwa katika Bunge la Taifa la Kenya kwa madai ya kuporomosha maadili. Mjadala uliofuata ulielekea kwenye udhibiti badala ya marufuku. Muthirigu ulipigwa marufuku mwaka 1930, na nyimbo za upinzani hazikukoma. Mwaka 1952, kabla ya kutiwa kizuizini, Gakaara wa Wanjaũ wa Karatina alikuwa akichapisha vitabu vya nyimbo za kisiasa ambazo nyingi ziliimbwa kwa lahani za tenzi za kanisani. Kipande kilikuwa cha wamisionari. Kiungo kilikuwa cha Wagikuyu. Serikali iliweza kuyazuia maandishi, lakini haikuweza kuzizuia lahani, kwa kuwa zilikuwa za tenzi za kanisani.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hofu ni sehemu ya fani ya burudani, na kwamba tanzu hutofautiana kwa kile ambacho hofu zao huidai hadhira. Gicandi ilidai ujuzi, muthirigu ulidai msimamo, na kipande kinachovuma hudai kuwepo kwa wakati. Imeonyeshwa pia kwamba ufupi na kasi si mambo mageni, na kwamba mugithi, utanzu unaopendwa zaidi katika eneo hili, ni sanaa ya vipande. Hasara iliyopo ni ya kiungo: kazi ya kuunganisha imetoka mikononi mwa fanani na hadhira inayojuana, ikaingia katika mfumo usioonekana wala kuwajibika. Pale hadhira inapoichukua tena kazi hiyo, kama ilivyofanya Juni 2024, kipande hurudi kuwa utungo.

Matokeo ya hoja hii kwa idara za fasihi ni ya kiutendaji. Mwanafunzi anayekusanya vipande vya video kwa ajili ya tasnifu hukikusanya kila kimoja peke yake, kama kipepeo aliyebandikwa kwenye ubao. Ukusanyaji huo ni kasoro ileile ya simu iliyohamishiwa maktabani. Kipande cha mugithi kinapaswa kuandikwa pamoja na kilichokitangulia ukumbini, kilichokifuata, waliokuwapo, na ridhaa ya wanaoonekana humo. Vipande hufutwa, akaunti hufungwa, na simu huharibika. Kinachovuma leo huenda kisipatikane baada ya miaka mitano. Vyuo Vikuu vya Karatina na Dedan Kimathi viko katika eneo hilohilo, na mafanani wanaokumbuka mugithi wa miaka ya 1990 bado wapo. Kuwahoji juu ya namna walivyochagua wimbo wa kufuata, na kwa nini usiku fulani waliuacha wimbo uliotarajiwa, ni kazi ambayo haihitaji haraka ya mtandao, lakini haiwezi kungoja kizazi kingine.